Risiti Inayotikisa Kichwa

Nyumba ninayopanga hapa Milwaukee, Marekani, iko jirani na reli. Usiku, mnamo saa nane, treni ya mizigo hupita bila haraka, mabehewa hayaishi, na rafu yangu yote huitikia. Ni vidoli kumi na vinne, kila kimoja na kichwa kama boga juu ya kiwiliwili cha mtoto, vikitikisa vichwa kwa pamoja kama wajumbe waliokwisha kukubaliana kabla ya kikao kuanza. Nimekosea: vinavyotikisa ni kumi na vitatu. Cha kumi na nne kimetulia tuli, maana shingo yake niliigandisha mwenyewe kwa gundi, na kisa chake nitakifikia.

Wamarekani huviita bobohedi. Ni sanamu ndogo ya mchezaji, haifiki shibiri, imetengenezwa kwa resini huko China, ikapakwa rangi kwa mkono na kichwa kikashikizwa kwa springi. Huja ndani ya boksi la katoni, imebanwa na maganda mawili ya ile plastiki nyeupe nyepesi inayolia kwi-kwi ukiisugua. Kwenye kitako wameandika jina la mchezaji, nembo ya timu na, mara nyingi, jina la kampuni iliyolipia. Mwanamume mwenye ndevu zenye mvi kuwa na rafu ya vitu hivi ni jambo linalotaka maelezo, na nimewahi kutakiwa kuyatoa.

Aliyeyataka ni mjomba wangu, aliyeko Tanga. Nilimtumia picha ya rafu, akanipigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Nimewaona watu wako. Wote wanakubali tu, hakuna hata mmoja wa kubisha?"

Nikacheka. Akauliza nimevinunua kwa shilingi ngapi. Nikamwambia sikununua, kwa sehemu kubwa. Nilipewa getini nilipokwenda kutazama mechi.

"Ulipewa bure?"

"Bure, mjomba. Tiketi ndiyo nililipia."

"Na waliokaa nyumbani wakatazama kwenye televisheni, nao wamepewa?"

"Hapana."

"Basi," akasema, "nimeelewa."

Alichokielewa mjomba ndicho ninachotaka kukisema hapa, kwa sababu watu wengi, hata Wamarekani wenyewe, hukiangalia kidoli hiki wakaona mapambo au mchezo wa kitoto wa watu wazima. Wengine huona biashara ya kukusanya vitu adimu. Mimi naona kitu kingine: ni risiti. Inasema kwamba siku fulani, timu yako ilipokuwa nyumbani, wewe ulikuwepo. Mtu akiitazama hivyo, mengi ya mapenzi ya timu za nyumbani yanaeleweka, hata yale yasiyo na akili.

Anza na sura. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ligi kuu ya besiboli ya Marekani ilitoa vidoli vya namna hii, vilivyofinyangwa kwa karatasi iliyolowekwa, kimoja kwa kila timu. Vyote vilikuwa na sura moja: kitoto chenye mashavu, kinachotabasamu. Ukitaka kujua huyu ni wa timu gani, soma kifua. Baadaye vikaja vya wachezaji wanne mashuhuri, Mickey Mantle, Roger Maris, Willie Mays na Roberto Clemente, na kwa hao pia kiwanda hakikujisumbua. Sura ilikuwa ileile. Mantle, mzungu wa Oklahoma, na Clemente, Mweusi wa Puerto Rico, walipewa uso mmoja na tofauti ikaachiwa brashi ya rangi. Kidoli cha Mays wakusanyaji wanakijua kwa namna mbili, chenye uso mweusi na chenye uso uliofifia, kana kwamba fundi wa rangi alikuwa hajaamua mwenyewe. Mtu aliyekuwa mmoja wa wachezaji bora waliopata kuushika mpira ule alihesabiwa kuwa ni suala la kopo gani la rangi limebaki.

Kwa hiyo mvuto wa kidoli haukuwa kufanana na mtu, tangu mwanzo. Na kwa miaka ile kilikuwa kitu cha kununua, kama bendera ndogo au kofia. Fasheni ikapita, vidoli vikaingia kwenye masanduku ya darini na wakavisahau.

Kilichovifufua ni geti. Tarehe 9 Mei 1999, San Francisco Giants waligawa vidoli 35,000 vya Willie Mays kwa watu waliofika Candlestick Park. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1960, na timu ilikuwa ikijiandaa kuuhama. Msimu uliofuata wangecheza kwingine. Angalia mazingira hayo vizuri. Mzee Mays alikuwa amestaafu zamani. Uwanja wenyewe ulisifika kwa upepo na baridi kuliko kwa uzuri. Lakini watu walikuwa wanaaga mahali, na wakapewa cha kushika mkononi. Timu nyingine zikaona zile foleni, na ndani ya miaka michache karibu kila timu ya besiboli ilikuwa na siku yake ya vidoli.

Mtu wa hesabu atasema ni chambo tu, na hakosei. Timu ya ligi kuu ya besiboli hucheza mechi 162 kwa msimu, 81 kati ya hizo nyumbani. Linganisha na Ligi Kuu ya Tanzania Bara yenye timu 16, ambako klabu ina mechi 15 za nyumbani. Mara 81 unamwambia mtu aache kazi, alipie maegesho, akae karibu saa tatu nzima kutazama mchezo ambao kwa nusu ya muda huo hakuna anayekimbia. (Mimi nilihitaji miezi kuelewa kwamba kutokukimbia ndiko kwenyewe, kama bao: anayecheza hasa ni jicho.) Jumanne ya baridi mwezi wa Aprili huwezi kujaza uwanja kwa ushawishi wa kawaida. Kidoli kinachogharimu dola chache kukitengeneza na kukisafirisha, tena gharama amebeba mdhamini, kinaleta maelfu ya watu ambao watanunua soseji na bia. Ni biashara safi.

Ila chambo hiki kina tabia ambayo chambo kingine hakina. Punguzo la bei likiisha, limeisha. Kidoli kinakwenda nyumbani na wewe na kinabeba tarehe yake. Cha kwanza katika rafu yangu nilikipata bila kujua. Kazini waligawa tiketi, nami nikaenda kwa kuwa zilikuwa za bure na ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Getini bibi mmoja aliyevaa fulana ya timu akanipachika boksi mikononi. Nikalishika kwa adabu kama nililoagizwa nimpelekee mtu, nikakaa nalo mapajani mechi nzima, nikiogopa kulifungua. Tulifungwa, hilo nalikumbuka. Aliyekuwa ndani ya boksi sikumjua hata kwa jina. Leo nakueleza alivyokuwa akiushika mpini, nani alimfuata kwenye zamu ya kupiga, na msimu upi walimuuza timu nyingine. Kidoli ndicho kilichonifanya nitake kujua ni nani ninayeishi naye chumbani.

Na hapo unakutana na kichekesho cha biashara hii. Vidoli vikiagizwa China huagizwa miezi mingi kabla ya siku yake, vichongwe, vipakwe rangi, vipande meli. Wachezaji nao huuzwa usiku mmoja. Imezitokea timu zaidi ya moja kujikuta na kontena la vidoli vya mtu ambaye sasa anawachezea wapinzani. Watu wanakwenda kuvichukua vilevile. Mchezaji ameondoka, Jumapili yao iko palepale.

Milwaukee ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili kwa sababu mji huu umewahi kuachwa. Timu ya besiboli ya Braves ilihamia hapa kutoka Boston mwaka 1953, mji ukawapokea kama mahujaji waliorudi, na mwaka 1957 wakachukua ubingwa wa World Series wakiwa na kijana Hank Aaron. Msimu wa 1965 ulipokwisha wakafunga virago wakaenda Atlanta, ambako kulikuwa na soko kubwa zaidi. Hakuna aliyeuliza wenyeji. Kile kidoli cha miaka ya 1960 kilichoandikwa Braves wa Milwaukee bado kipo kwa wakusanyaji, kinatikisa kichwa kwa niaba ya timu isiyokuwepo.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1970, mfanyabiashara wa hapa, Bud Selig, akainunua timu ya Seattle iliyokuwa imefilisika. Mambo yalikamilika siku chache tu kabla ya msimu kufunguliwa, hata jezi hazikuwahi kushonwa. Wakachukua zile za Seattle, wakabandua jina, wakashona Brewers juu yake. Alama za jina la zamani zilibaki zikionekana kwenye kitambaa. Nikiisimulia habari hii kwa watu wa nyumbani hucheka, maana kila mmoja wetu amewahi kuvaa shati la shule lililokuwa la kaka yake na nembo ikang'olewa.

Timu hiyo ya jezi za kurithi haijawahi kushinda World Series. Ilifika fainali mara moja, mwaka 1982, ikafungwa na St. Louis katika mchezo wa saba. Msimu wa 2025 ilimaliza ikiwa na rekodi bora kuliko timu zote za ligi, ushindi 97, kisha Los Angeles Dodgers wakaisukuma nje kwa mechi nne mfululizo. Katika ile ya nne Shohei Ohtani aliupiga mpira nje ya uwanja mara tatu, na usiku huohuo, akiwa mrushaji, akawatoa wapigaji wetu kumi. Mtu mmoja. Nilizima televisheni nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Na bado soko hili, ambalo ni dogo kuliko yote katika ligi hiyo, huingiza watu zaidi ya milioni mbili na nusu uwanjani kwa msimu. Mwaka 2008 walivuka milioni tatu kwa mara ya kwanza. Miji inayoshinda haihitaji maelezo. Huu unahitaji. Nenda Jumapili asubuhi kwenye maegesho ya uwanja, bonde la Menomonee, utaona majiko ya mkaa yamepangwa nyuma ya magari kama soko la samaki la Deep Sea kule Tanga, moshi wa soseji umetanda, watoto wanarushiana mipira, bibi mwenye kiti cha kukunja anajipaka losheni ya jua. Geti halijafunguliwa. Mechi ni saa saba. Wamekuja kuwa pamoja, na kidoli kimewapa sababu ya kuwahi.

Hapa Milwaukee pana desturi moja ninayoiheshimu. Timu nyingi hutangaza kwamba zawadi ni kwa watu 10,000 au 15,000 wa mwanzo. Hapa, kwa miaka mingi, siku za vidoli zimekuwa za kila mwenye tiketi: ukifika, unapata, hata ukichelewa kwa sababu basi limechelewa au mtoto ametapika. Inaonekana jambo dogo. Lakini "wa mwanzo" humpendelea asiye na zamu, mwenye gari, asiye na wa kumwangalia. Anayetoka kazi ya usiku saa moja asubuhi, kama mimi, hawezi kushindana na kijana aliyepanga foleni tangu alfajiri ili auze kidoli mtandaoni kabla hata ya mechi kwisha.

Huyo kijana ndiye ugonjwa wa jambo hili, na ugonjwa umekua. Tarehe 16 Mei 2024 Dodgers walitoa kidoli cha kwanza cha Ohtani katika sare yao; magari yakafunga barabara za kuelekea uwanjani saa nyingi kabla ya mechi. Tarehe 28 Agosti mwaka huohuo wakatoa kingine, Ohtani amempakata mbwa wake Decoy. Mbwa mwenyewe aliletwa uwanjani kuufungua mchezo, na bwana wake akaenda kuupiga mpira nje ya uwanja katika zamu ya kwanza kabisa. Siku ya namna ile nani asingetaka alama yake? Lakini mara zote mbili vidoli vilikuwa vinauzwa kwenye intaneti kwa bei iliyopita ya tiketi. Kuna watu hununua tiketi tano tano, huingia na kutoka, hubeba maboksi kwenda kwenye gari na kuondoka kabla mpira wa kwanza haujarushwa. Nimewaona pia hapa kwetu. Siwachukii, mtu anatafuta riziki. Ila wanauza risiti za safari ambayo hawakusafiri, na anayenunua ananunua safari hiyo hewa.

Tofauti hiyo ilionekana wazi kabisa Pittsburgh, mwezi Machi 2024. Timu ya magongo ya barafu, Penguins, ilipanga kugawa vidoli vya Jaromír Jágr, nyota wao wa zamani, tarehe 14. Vilipofika Marekani kupitia California vikaibwa njiani, mzigo mzima. Sijui mwizi aliwaza nini alipofungua boksi la kwanza akamkuta Jágr, la pili Jágr, la elfu moja Jágr. Timu ingeweza kuahirisha. Badala yake waliofika siku ile walipewa hati ya kuja kuchukua kidoli baadaye kikipatikana. Na kweli vikapatikana. Lakini tazama walichokifanya: hawakusema kila mpenzi wa timu atapata. Walisema aliyekuja siku ileile ndiye mwenye haki. Geti lilibaki kuwa geti hata mzigo ulipokuwa mikononi mwa wezi.

Jumba la makumbusho la vidoli hivi, ambalo linajiita la kitaifa, liko Milwaukee pia, katika jengo la zamani la kiwanda cha kusubu chuma. Lilifunguliwa Februari 2019 na marafiki wawili, Phil Sklar na Brad Novak, waliokuwa wanakusanya vidoli hadi nyumba ikawashinda. Nilikwenda siku moja nikiwa na nusu siku ya bure. Ni maelfu ya vichwa, ukuta hadi ukuta. Hatua za watu zinatosha kuvitikisa kidogo, kwa hiyo ukipita mnara wa rafu unaitikiwa kutoka pande zote, hali inayompa mtu kiburi kisicho na msingi. Wamefanya kazi mbili ninazowapigia makofi. Mwaka 2020 walitengeneza vidoli vya wachezaji wa ligi za Weusi, zile ambazo wachezaji wake walizuiwa kucheza na wazungu, katika kuadhimisha miaka 100 ya kuanzishwa kwa ligi hiyo. Baada ya ule uso mmoja wa miaka ya 1960, kulikuwa na deni. Na mwanzoni mwa korona wakamtengeneza daktari Anthony Fauci, dola tano za kila kidoli zikaenda kwenye kampeni ya kuwapatia wahudumu wa afya barakoa.

Lakini nilitoka na hisia iliyonisumbua. Vidoli maelfu, vyote vya kweli, vyote vizuri, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na siku yangu. Nilipokuta kimoja kinachofanana na changu cha kwanza, nilihisi kama kuona picha yangu ya harusi kwenye ukuta wa studio.

Watu wa nyumbani huniuliza: yote haya yana uhusiano gani na sisi? Mimi ni wa Ngamiani, nimekulia mwendo wa miguu kutoka uwanja wa Mkwakwani. Timu yangu kwa haki ni Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa mwaka 1988. Lakini ukweli ni kwamba ujana wangu niliumalizia kwenye kibanda cha video nikiishangilia Liverpool. Nilikuwa namjua beki wao wa akiba na simjui kipa wa Coastal. Sikuwa peke yangu, na hata leo Simba au Yanga wakija Tanga, sehemu kubwa ya watu jukwaani inavaa nyekundu au njano ya Dar es Salaam, wenyeji wakawa wageni kwenye ukumbi wao. Hilo halitokani na watu kukosa uzalendo. Mtu hupenda kile alichowekeza mwili wake ndani yake, na televisheni ilikuwa karibu kuliko geti.

Nilipomweleza mjomba habari hizi alinitumia picha ya muundi wake. Kovu refu, jeupe, lenye alama za nyuzi pembeni. Mwaka ule wa ubingwa aliruka ukuta kwa kukosa kiingilio, akatua juu ya meza ya muuza machungwa, na msumari ukafanya kazi yake. Alitazama kipindi chote cha pili akiwa amefunga mguu kwa shati. "Nawe una vidoli," akaandika, "mie nina hiki." Msumari wa bure, nikamjibu, nao ulitolewa kwa wa mwanzo tu.

Klabu zetu zinajua kuuza. Simba wana siku yao tangu mwaka 2009, Yanga wana wiki yao, na jezi mpya hutoka kama mkate. Hilo ni jema, pesa inatakiwa. Lakini jezi unaweza kuinunua ukiwa Muscat au Minneapolis bila kukanyaga uwanja, na haisemi lolote kuhusu ulikokuwa. Sipendekezi Coastal Union waagize vidoli China. Itakuwa kichekesho, na fedha hiyo walipwe wachezaji. Sisi tunacho chetu cha zamani kuliko springi. Obama aliposhinda urais kulitoka kanga yenye picha yake, "Hongera Barack Obama", na jina chini, "Upendo na amani ametujalia Mungu". Wapo mama ambao hawajaifunga hata mara moja, wameilaza sandukuni pamoja na karafuu za kufukuza nondo. Wanasiasa walishagundua zamani kwamba ukimpa mtu kanga yenye tarehe, tarehe hiyo inakaa nyumbani kwake. Mpira haujagundua. Nipe mechi mbili kwa msimu ambazo kila aliyelipa kiingilio Mkwakwani anatoka na leso ya Wagosi, mwaka umeandikwa, jina limetungwa na watu wa Tanga wenyewe, ambao kwa vijembe hawana mpinzani. Nani angekaa kwenye kibanda cha video siku hiyo? Wanawake, ambao viwanja vyetu vimewasahau, wangekuwa wa kwanza getini.

Naambiwa watu watainunua kwa jumla na kwenda kuiuza sokoni. Watauza, ndiyo. Na mke wa aliyeinunua sokoni ataulizwa mtaani, wewe ulikuwepo? Tanga hawakosi wa kuuliza.

Sasa kile kidoli cha kumi na nne. Ni Bob Uecker. Alizaliwa Milwaukee mwaka 1934, akachezea Braves enzi zao za hapa, na kwa kuupiga mpira alikuwa wa kiwango cha chini hivi kwamba akajitengenezea maisha ya pili kwa kujicheka. Kuanzia mwaka 1971 akawa sauti ya Brewers redioni, na akaendelea zaidi ya miaka hamsini, hadi karibu na kifo chake Januari 2025, akiwa na miaka 90. Sanamu yake moja wameiweka katika safu ya mwisho kabisa juu ya uwanja, kwenye viti vya bei ya chini, kwa sababu katika tangazo moja la bia alijigamba kwamba atakalishwa safu ya mbele, akajikuta huko juu. Mimi Kiingereza changu cha besiboli nimekisomea kwake, usiku, kwenye redio ya kazini.

Siku timu ilipokigawa kidoli chake nilikuwa zamu. Baadaye nikakinunua mtandaoni kutoka kwa muuzaji ambaye sitamtaja, kwa bei ambayo sikumwambia mke wangu. Kilifika shingo imekatika, springi imechomoza kama mfupa, na muuzaji hakujibu ujumbe. Nikaipachika kwa gundi, ikaganda imeinama kidogo kulia. Miaka miwili nimekiweka pembeni mwa wenzake, na kila nikipita jicho langu linakiruka.

Mwezi uliopita jirani wa chini, mzee aliyestaafu kiwandani, alipanda kuniomba koleo. Akaiona rafu. Alivitazama vyote mpaka akafika kwa Uecker. Akasema alikuwepo siku ile na mkewe, wakapata viwili, na mkewe alipofariki vyote viwili vikaenda na watoto pamoja na vyombo. Aliikumbuka hali ya hewa. Alikumbuka walikaa upande gani, na kwamba mkewe alimwaga soda.

Nikamkabidhi kidoli hicho pamoja na koleo. Akaniuliza shingo imekuwaje, nikamweleza. Jioni niliporudi kuchukua koleo langu nilikikuta juu ya redio yake, karibu na dirisha, kichwa kimeinama upande wa spika.